Chupa Iliyokataa Kulia

Inspekta Léocadie aliporudi kutoka Kamanyola saa nane mchana, vumbi la bonde la Ruzizi likiwa bado kwenye nyusi zake, alikuta kielelezo mezani pake kimeota mkono.

Hakuna namna nyingine ya kulieleza jambo lile. Katikati ya mafaili ilisimama chupa ya soda ya machungwa, na juu ya mdomo wa chupa ilisimama glavu nyeupe ya hospitali, imevimba, vidole vyote vitano vimeelekea dari la mabati kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kusema. Brigadia Jean-Berchmans, askari mzee aliyebakiza miezi minne astaafu, alikuwa amesimama nje ya mlango na hakuonyesha dalili yoyote ya kutaka kuingia.

"Shefu, usiguse," alisema. "Ile sumu iko inaamka."

"Nani alivalisha chupa glavu?"

"Ni minye. Sikupata kizibo. Nikasema, kielelezo lazima kifungwe, nikafunga na kamba. Saa tano ile glavu ilikuwa imelala kabisa, kama soksi. Saa sita ikaanza kuinua kidole kimoja. Hapo minye nikatoka."

Léocadie aliweka mkoba chini, akavuta kiti, akaketi kuitazama chupa ana kwa ana. Alikuwa binti wa mvuvi wa Kalundu, mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, na mwenye kisirani kimoja kilichowachosha wakubwa wake: hakubali kuandika neno "labda" kwenye ripoti. Ama anajua, ama anarudi kuuliza tena.

"Haya, nisimulie," alisema. "Hata ukitaka kusimulia ukiwa huko nje."

Jean-Berchmans alisimulia akiwa huko nje. Saa nne asubuhi hiyo, mtaani Rugenge, mjane mmoja aitwaye Kadija alipokea wageni wa posa. Mzee Ayoubu, mfanyabiashara wa vitenge ambaye mababu zake walifika ziwani na misafara ya zamani, alikwenda kumposea mwanawe Tariki binti wa Kadija, Sumaya. Watu walikula pilau, kaswida ikaimbwa, vinywaji vikaletwa. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Uvira soda, au sukre kama wenyewe wanavyoiita, haifunguliwi jikoni. Inafunguliwa mbele ya mgeni, na mgeni anasikiliza. Ikilia pshaa, basi hakuna mkono uliotangulia, na mgeni anakunywa roho yake imetulia. Isipolia, ilishafunguliwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na lake jambo. Mtoto wa Uvira analijua hilo kabla hajajua kuhesabu.

Chupa za wageni wote zililia. Ya Mzee Ayoubu haikulia. Mzee alinyanyuka, akaziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba, akatembea nayo hivyo hivyo hadi polisi, na nusu ya wageni nyuma yake. Tangu saa tano Kadija alikuwa kwenye benchi la uani. Saa kumi gari la parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, lingepita kuchukua washukiwa wa siku, na jalada lenye neno sumu likishaondoka halirudi upesi. Kadija angeweza kuachiwa baada ya mwezi au miwili. Lakini baada ya hapo nani angekula wali nyumbani kwake, na nani angemwoa binti yake? Kwa mwanamke wa Rugenge hicho ndicho kifungo chenyewe.

"Nani alikunywa?" Léocadie aliuliza.

"Hakuna."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna, shefu. Ila minye tumbo inaniuma tangu ile glavu isimame."

Léocadie alikibonyeza kidole cha shahada cha glavu. Kiliingia ndani, kikarudi. Jean-Berchmans alipiga ishara ya msalaba. Kisha inspekta alianza kazi, na alianza kama anavyoanza siku zote, kwa macho na pua kabla ya mdomo. Kwanza aliikunjua leso ya Mzee Ayoubu iliyoletwa pamoja na chupa. Ndani yake palikuwa na kapsule, yaani kifuniko cha bati, nayo ilikuwa imepinda mahali pamoja tu, kama inavyopinda ikifunguliwa mara moja. Halafu aliitazama karatasi ya kielelezo iliyobandikwa ubavuni. Wino wake ulikuwa umechuruzika mpaka jina la mshukiwa halisomeki.

"Papa Jean-Berchmans, uliandika na maji?"

"Ni ile chupa, shefu. Ilikuwa na jasho. Nilipangusa, ikatoka tena. Nikapangusa, ikatoka tena."

Mwisho aliinama na kunusa kioo, si mdomoni bali ubavuni. Akafumba macho, akanusa mara ya pili ili asije akajidanganya. Ilikuwa mukeke. Samaki mbichi, wa leo au jana. Mtu aliyekulia Kalundu anaweza kusahau tarehe ya ubatizo wake, lakini si harufu hiyo.

Alitoka kwenda uani kwa hatua za mtu aliyepata chakula kizuri.

Kadija alikuwa amekaa wima kwenye benchi, hina mikononi, mtandio wa zambarau begani, machozi yameshakauka. Alikuwa mwanamke mzuri wa miaka arobaini na kitu, na aliitikia salamu vizuri kuliko washukiwa wengi. Léocadie aliketi pembeni yake.

"Mama Sumaya, chupa ya mzee ulitoa wapi?"

"Mu kasha moja na zingine."

"Kasha lilikuwa wapi?"

"Kwenye baraza. Merdi wa depo alishusha pale asubui."

"Juani?"

"Juani."

"Chupa inayotoka juani haina jasho, mama. Na batu batatu bamemwambia brigadia weye uliileta toka ndani ya nyumba, peke yake, umeifunga na kitambaa cheupe."

"Ile ni heshima tu."

"Heshima gani inanuka mukeke?"

Kadija alijifunika uso kwa mtandio. Léocadie alidhani analia, akangoja kwa adabu. Sauti ilipotoka chini ya mtandio haikuwa ya kilio. Ilikuwa ya mtu anayetamani ardhi impokee.

"Usiseme mbele yao, nakuomba. Ile chupa ilikuwa mu sanduku ya barafu ya Cyprien, muuza samaki. Umeme haiko tangu siku ya ijumaa. Barafu utapata wapi? Iko kwa batu ya samaki tu. Nilitaka baba ya Tariki akunywe ya baridi, yeye peke yake, aone kama tunamuheshimu. Niliosha ile chupa na sabuni mara tatu. Mara tatu, mama! Nikafunga shingo na kitambaa ili harufu isipande, nikafungua polepole hapo hapo ndani ya kitambaa. Sasa niseme mbele ya bale batu kama nilimpa mukwe sukre iliyolala na mukeke? Afazali parke."

"Afazali parke?"

"Afazali. Sumu, Mungu anajua kama sikutia. Lakini mukeke ni kweli."

Léocadie aliuma midomo ili asicheke, kwa sababu mwanamke yule hakuwa anatania hata kidogo. Alimbana bega, akamwambia akae, asizungumze na mtu. Moyoni alishamwamini. Ila imani haiandikwi kwenye jalada, na swali lilikuwa bado palepale: chupa haikulia, na chupa iliyofunguliwa mapema na mtu mwingine nayo isingelia.

Upande wa pili wa ua, chini ya kibanda cha bati, Mzee Ayoubu alikuwa ameketi na dada yake Bibiche. Kanzu yake haikuwa na kunyanzi hata moja. Hakunyanyuka.

"Baba, shikamoo. Ile chupa ilikuwa mbali nawe?"

"Unasema?"

"Chupa! Ilikuwa mbali?"

"Semeni kama batu, kila muntu leo ananong'ona. Chupa ilikuwa hapa." Alipiga goti lake. "Hapa! Ingeanguka sindano ningesikia."

"Na hakuna sauti?"

"Hakuna. Sikiliza, binti yangu. Minye sina neno na Kadija. Bwana yake alikuwa rafiki yangu. Lakini mudogo wangu Ngongo alikula karamu kule Bwegera, miaka kumi na mbili sasa, alikula akicheka. Kesho yake tukamuzika. Tangu ile siku sinywi kitu sikusikia kikilia."

Léocadie alikuwa amekuja na mzaha kidogo mdomoni, akaumeza. Hofu ya mzee ilikuwa na kaburi lake, na mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia apuuze.

"Minye nilisikia kitu," Bibiche alisema taratibu. Alikuwa amekaa mkono wa kuume wa kaka yake wakati wa posa. "Kidogo. Fss. Kama muntu anafukuza kuku bila nguvu."

"Anasema nini?" aliuliza Mzee Ayoubu.

Bibiche aliinamisha macho. "Hakuna, kaka."

"Kama munatafuta muntu," mzee aliendelea, "muulizeni Merdi. Yeye njo alileta makasha. Na kila muntu Rugenge anajua alimutaka Sumaya."

Basi, Merdi. Léocadie alitazama saa, ilikuwa nane na dakika ishirini, akapanda pikipiki ya polisi nyuma ya dereva na kwenda Rugenge. Njiani alilijaribu wazo hilo kama mtu anavyojaribu kiatu: mchumba aliyekataliwa, mwenye funguo za depo la vinywaji, mwenye chupa mikononi mwake usiku kucha. Lilimkaa vizuri mno, na kwa miaka yake ya kazi alishajifunza kukishuku kiatu cha namna hiyo.

Merdi alikuwa anapanga makasha matupu, kijana wa miaka thelathini, mikono mikubwa, uso wa mtu anayesubiri kutukanwa.

"Kweli nilimutaka Sumaya," alisema kabla hajaulizwa mara mbili. "Akanikatalia, mwaka juzi. Nililia wiki moja. Wiki ya pili nikakutana na Eliane. Eliane! Kuja inspekta akuone."

Mwanamke alitokea mlangoni, mtoto mgongoni na tumbo lingine mbele, akamwamkia inspekta kwa furaha, akarudi jikoni.

"Umeona mwenyewe. Na nikifungua chupa usiku, nitaifunga na nini? Na meno? Kapsule ikitoka imetoka. Ukiirudisha inakaa kama kofia ya mulevi."

Léocadie alikumbuka kapsule iliyopinda mara moja tu, akaliacha wazo lile lianguke bila majuto. Akavuta kasha tupu, akalipindua, akakaa juu yake.

"Merdi, weye unauza sukre tangu lini?"

"Tangu miaka tisa."

"Basi nifundishe. Chupa moja ilikaa juani. Nyingine ilikaa mu barafu tangu alfajiri. Nikizifungua, nini inatokea?"

Uso wa Merdi ulibadilika. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali kuhusu kazi yake kwa heshima kama ile, na aliweka kasha chini ili apate mikono yote miwili ya kueleza.

"Gazi, ile hewa ya sukre, haikai mu maji kwa mapenzi yake, mama. Kule usine, mu kiwanda, banaisukuma ndani kwa nguvu, na maji inakuwa ya baridi, kwa sababu maji ya baridi inaikubali. Ya moto inaikataa. Sasa chupa ikipigwa na jua, gazi inatoka mu maji, inapanda hapa, kwenye shingo, inasongamana chini ya kapsule. Ukifungua, pshaa! Inakulowesha mpaka mu kiuno. Lakini ile ya barafu, gazi imelala mu maji. Shingoni iko kidogo tu. Ukifungua polepole, fss, basi."

"Kwa hiyo ya baridi haina gazi?"

"Njo pale batu banakosea!" Merdi alipiga kofi. "Ile ya jua inamaliza gazi yake kwa makelele. Ya barafu inabaki nayo ndani. Uiache mahali pa joto sasa, utaona. Inaamka, inatoka pole pole, pole pole, mpaka inaisha."

Léocadie aliiona glavu akilini: saa tano imelala, saa sita kidole kimoja, saa nane mkono mzima. Chupa imetoka kwenye barafu, imefunguliwa, imezibwa kwa kidole gumba, imewekwa kwenye ofisi ya mabati inayooka watu kama mikate. Kilichokuwa kinainua vidole si sumu. Ni gazi iliyokuwa imelala, na mtu hawezi kulaza kitu ambacho kilishaondoka. Kama mtu angeifungua chupa ile jana, au alfajiri, akaitia kitu na kuibana tena na kapsule iliyolegea, glavu isingekuwa na cha kuinulia hata kidole gumba. Furaha ilimpanda kifuani, ile furaha anayoipata mara mbili au tatu kwa mwaka na ambayo kwa ajili yake hajawahi kuomba uhamisho.

"Depo yako iko na chupa zilizokufa?" aliuliza. "Zile zinavuja, hazina gazi tena?"

"Ziko tatu. Nazirudisha usine mwisho wa mwezi."

"Nipe moja. Na mbili nzima, za kundi lile lile la asubui."

Aliporudi alipitia kwa Cyprien, akachukua ndoo ya barafu iliyokuwa na magamba mawili ya samaki juu yake. Saa tisa kasoro robo chupa moja nzima ilikuwa imezama kwenye ndoo, ya pili imesimama juani ukutani, na ile iliyokufa, imefunguliwa na kuvalishwa glavu mpya, ilikuwa mezani karibu na chupa ya Mzee Ayoubu. Jean-Berchmans alipewa kiti na amri ya kulinda.

"Nikilinda nifanye nini, shefu?"

"Uangalie kama itainua mkono."

Alikaa akaangalia. Aliitingisha kila baada ya dakika tano, kama alivyoagizwa. Saa tisa na dakika ishirini na tano alikuja kutoa ripoti, na kwa mara ya kwanza tangu saa sita hakuonyesha hofu yoyote.

"Imelala," alisema. "Soksi, shefu. Soksi tu."

Léocadie aliwaita wawili, Mzee Ayoubu na Kadija, akafunga mlango. Wengine wote walibaki uani, na Jean-Berchmans aliwekwa nje ya mlango kuzuia masikio. Wale wawili hawakutazamana. Mzee alikaa kiti cha kulia, Kadija cha kushoto, na kati yao meza yenye mikono miwili, mmoja umesimama na mmoja umelala.

Inspekta alieleza. Alieleza kwa sauti kubwa na bila haraka, kama alivyoelezwa juu ya kasha tupu, jua na barafu na shingo ya chupa, akiwaonyesha glavu moja kisha nyingine. Mzee alisikiliza akiwa ameegemea mbele, macho yake yamekaza midomo ya msemaji.

"Ile iliyofunguliwa zamani imelala," alimalizia. "Ya kwako imesimama, baba. Hakuna muntu aliyeifungua kabla ya Mama Sumaya. Gazi ilikuwa ndani yote."

"Kama ilikuwa ndani, kwa nini haikulia?"

"Ilikuwa ya baridi. Alikuwekea barafu weye peke yako."

Mzee Ayoubu aligeuka kidogo upande wa Kadija, akarudi. Hakuwa mtu wa kushawishiwa kwa maneno, na Léocadie alimheshimu kwa hilo.

"Nionyeshe," alisema.

Léocadie alizitoa zile chupa mbili nzima. Mzee alizikagua kapsule zote kwa kucha. Alipoishika ile ya barafu aliileta puani, kunyanzi zikamjaa usoni.

"Hii inanuka mukeke."

Kadija alikufa palepale kitini.

"Ni mikono yangu, baba," Léocadie alisema. "Minye ni muntu wa Kalundu. Nilikula mchana."

Mzee alimtazama kwa huruma, akamrudishia chupa. Léocadie aliishika kwanza ile ya jua. Pshaa! Povu liliruka, likamlowesha mkono mpaka kwenye kiwiko, na nje ya mlango Jean-Berchmans alimwita Bikira Maria.

"Hiyo imelia," Mzee Ayoubu alisema, ameridhika.

Sasa ya barafu. Hapakuwa na kaswida chumbani, wala kitambaa shingoni, wala mtu aliyesema neno. Léocadie alisogeza kizibuo polepole. Fsss. Sauti ndogo lakini safi kabisa, ndefu kuliko alivyotegemea, na yeye na Kadija waligeuza macho kwenye mdomo wa chupa kwa pamoja.

Mzee Ayoubu alikuwa anangoja.

"Fungua basi," alisema.

"Nimefungua, baba."

Aliitazama kapsule mkononi mwa inspekta. Kisha akainua kidevu, kwa ushindi uliochanganyika na kitu kingine. "Umeona? Hakuna sauti. Hakuna kabisa."

Léocadie alielewa, na alielewa vitu vyote kwa mkupuo mmoja: "unasema?" ya kila swali, macho yanayosoma midomo, Bibiche anayeinamisha uso. Hapa palikuwa na ukweli ambao ungemfungua Kadija moja kwa moja. Ungetosha mstari mmoja kwenye ripoti, *mlalamikaji hasikii vizuri*, na kabla ya jua kuzama mstari huo ungekuwa sokoni, na Mzee Ayoubu, anayepatana bei na watu wa nchi tatu, angekuwa mtu wa kupigiwa kelele na kuibiwa. Alimtazama Kadija. Kadija alikuwa amesikia; ilikuwa wazi usoni mwake. Alikuwa amekaa kwenye benchi la polisi kwa saa nne na nusu, akiitwa muuaji mbele ya majirani kwa sababu ya sikio la mtu huyu, na sasa sikio hilo lilikuwa mikononi mwake.

Kadija alitengeneza mtandio begani.

"Hata minye sikusikia, baba," alisema. "Barafu inaficha."

Mzee Ayoubu alimgeukia, na safari hii hakurudisha macho haraka. Mtu aliyefanya biashara miaka hamsini anaweza kukosa sauti, lakini nyuso hazimpiti, na alikuwa ameziona nyuso mbili zikigeuka kwa pamoja sekunde ile. Mkono wake ulipanda kuelekea sikio la kushoto, ukasita, ukaishia kurekebisha kofia. Alikuwa ameelewa pia. Léocadie alimpenda Kadija kwa moyo wake wote wakati ule, na akachukua kalamu ili asionekane.

Aliandika: *Chupa ilikuwa na gazi yake yote. Sauti haikusikika kwa sababu ya baridi.* Hapakuwa na labda hata moja. Aliisoma tena, akaona kuna neno moja halimo, sikio, akaliacha lisiwemo, akapiga mhuri.

"Nipe hiyo," Mzee Ayoubu alisema.

Aliipokea chupa ya barafu kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akanywa. Alikuwa hajagusa maji tangu saa nne asubuhi. Alikunywa nusu bila kupumzika, akaiweka, akafumba macho, na ndani ya tumbo lile la moto gazi yote iliyokuwa imelala ikaamka mara moja. Mcheuo uliotoka ulisikika mpaka uani.

"Alhamdulillahi," alisema, kwa mshangao wa kweli. "Ya baridi ni tamu."

Kadija alianza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha. Alicheka mpaka machozi yakatoka tena, na Léocadie akacheka naye. Nje gari la parke lilipiga honi. Jean-Berchmans alisikika akimwambia dereva kwamba leo hakuna abiria, aende tu, na kama ana kiu kuna sukre.

Mzee alinyanyuka, akanyoosha kanzu, akaenda mlangoni. Akiwa ameshika kitasa aligeuka.

"Mama Sumaya. Siku ya arusi utanifungulia weye mwenyewe."

"Ya jua ama ya barafu, baba?"

"Ya barafu." Alisogea karibu, akateremsha sauti, ingawa kwa mtu kama yeye sauti ya kuteremshwa bado ilijaza chumba. "Na utaniambia kama imelia. Ukisema imelia, nitakunywa."